Mzega wa Zaituna

Jioni ile nilitoka kumtafuta ng'ombe tu. Nilirudi kutoka kazini, sijavua hata koti, nikakuta zizi tupu. Nikajua kateremka mtoni. Mto wetu hauguswi. Umezungushiwa seng'enge tangu taka za nyuklia zilipomwagwa humo na kijiji chetu kikahamishiwa mlimani.

Nikapenya seng'enge. Theluji ya kwanza ilikuwa ikidondoka.

Ng'ombe alikuwa ukingoni, hatingishi hata mkia. Anatazama majini.

Halafu nikasikia...

Kwi... kwi... kwi...

Mzega. Mti wa begani wenye ndoo mbili zilizojaa, moja kila ncha. Na harufu ya chuma kilicholowa.

Msichana alipanda kutoka mtoni, miguu mitupu, kitambaa chekundu kichwani. Nilikijua kitambaa kabla ya uso.

Dada yangu Zaituna. Tulimzika akiwa na miaka kumi na tisa, damu yake imeharibika. Mimi sasa nina wajukuu.

"Rauza," alinong'ona. "Umezeeka, kibibi wee!"

Nilitaka kucheka. Meno yakagongana.

Mama alikuwa akisema kwamba anayeuawa na mto, Mwenye Maji, pepo wa mto, humfanya mchotaji wake mpaka maji yatakate. Tulidhani ni uchungu wa mzazi.

"Ndoo... hazishuki begani, dada?"

"Hazishuki." Mabega yake yalikuwa yamechimbika hadi mfupani. "Nasikia huko kiwandani mnapunguza miaka ya sumu. Kweli?"

Kweli. Ndiyo kazi yangu. Nyuma ya kioo kinene kama ukuta, kwa mikono ya chuma, tunachambua taka na kutenga zile zinazodumu kuliko zote. Zinarudishwa ndani ya kinu cha nyuklia, zinapigwa humo kwa mionzi mpaka zinageuka kitu kingine. Sumu ya miaka laki na zaidi itabaki ya miaka mia kadhaa.

"Kweli," nikasema.

"Na hii yangu?"

Nilitazama ndoo. Maji meusi, hayana hata kiwimbi. Mama angemdanganya.

"Tunaweza yaliyo kwenye matangi tu, dada. Yaliyomwagwa mtoni... yameshazama kwenye matope. Hatuna namna ya kuyakusanya."

Aliuweka mzega sawa.

"Basi nipokee kidogo. Nipumue tu."

Nikainama. Mzega ukanikalia begani. Baridi ile... sijui niiseme vipi. Zaituna alinyoosha shingo, akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Machozi yalimtiririka. Kisha akauchukua tena mwenyewe, wala sikumwomba.

"Tutapokezana, mdogo wangu."

Akateremka.

Kwi... kwi...

Ng'ombe akageuka, akanifuata nyumbani.

"Umejigonga kwenye mlango wa zizi," alisema mume wangu Fanil, alipoona alama nyekundu begani. Nilipitisha kipimo cha mionzi cha kazini juu ya alama hiyo. Hakikulia hata kidogo.

Theluji ilipoyeyuka, ukumbi mzima kiwandani ulipiga makofi: shehena yetu ya kwanza ilikuwa imetoka kinuni, imegeuka kama tulivyotarajia. Nami nilipiga makofi. Wiki hiyohiyo daktari aliniita kuhusu damu yangu. Alisema huenda ni kazi, huenda ni mto wa utotoni, huenda ni umri tu. Hakuna awezaye kujua.

Fanil alilia. Mimi sikuuliza nimebakiza muda gani. Niliwaza tu kwamba, hatimaye, Zaituna atapata zamu ya kukaa chini.