Mlango wa Jukwaani

Kila Krismasi, kijiji chetu cha mkoa wa Norfolk, Uingereza, huigiza hadithi ya kale ya mzuka unaobisha hodi. Mwaka ule rafiki yangu Enid Thirkettle alikubali kuwa mama mwenye nyumba. Tulimsihi apumzike, maana binti yake mdogo, Posy, alikuwa amekufa maji kwenye vinamasi kiangazi kilichopita. Alikataa.

Alasiri moja alikwenda ukumbini na mumewe, Clem, aliyekuwa aigize mzuka, kujaribu mlango wa mbao uliosimamishwa katikati ya jukwaa. Mapazia yalikuwa yamefungwa na ndani mlikuwa na giza. Katika mchezo, mzuka hubisha, na mama hatakiwi kufungua.

Mlango ukabishwa taratibu, chini kabisa.

“Clem, unagonga wapi huko? Au leo umepungua kimo? Gonga juu, watu wasikie!”

“Mimi?” Clem akajibu kutoka barabarani. “Mke wangu, bado nahangaika na hili gari bovu!”

Mlango ukabishwa tena, kwa kiganja kidogo, kisha ikasikika kwikwi ya mtoto anayejizuia kulia. Aliniambia hakuogopa, mkono tu ulikataa kuinuka. Alipoweza hatimaye kusema, “Posy, mama yupo, ngoja nifungue,” kubisha kulikuwa kumekoma.

Akafungua. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Gizani alisikia viatu vidogo vilivyojaa maji vikiondoka polepole, kama vya mtoto aliyengoja sana akakata tamaa.