Mukono wa Plâtre

Hii haikunipata mimi. Ilimpata rafiki yangu Albertine, wa kwetu Likasi, na yeye si muntu wa kutunga maneno.

Alikuwa anafanya usafi kule Uccle, mutaa wa wazungu matajiri, kwa Madame Marie-Laure, na watoto wote wa Madame ni yeye aliwalea. Kwenye salon kulikuwa piano ya mama mumoja wa zamani, aliyeolewa katika familia yao, fundi wa kupiga na kutunga muziki. Bwana yake alichapisha nyimbo zote za huyo mama kwa jina lake yeye bwana. Mama huyo alipokufa, walitengeneza mfano wa mukono wake kwa plâtre, ule unga mweupe unaoganda kama jiwe, wakauweka juu ya piano, ndani ya sanduku la kioo.

Bon, majirani wakamwambia Madame kwamba akitoka tu, piano inalia.

"Albertine, unanifanyia hivi?"

"Madame, mimi hata kanisani ninaimba vibaya."

Madame akafunga piano, akaondoka na ufunguo. Jioni, Albertine akipiga pasi, akasikia muziki pole pole. Akaingia salon. Volets za madirisha zilikuwa zimeshushwa, giza tupu. Akapapasa kifuniko. Kilikuwa kimefungwa, na chini ya kiganja chake mbao zilitetemeka.

Madame aliporudi, akafungua mwenyewe. Meno yote ya piano yalijaa unga mweupe. Akatazama lile sanduku la kioo, kisha akainamisha macho.

"Acha funguo za nyumba mezani, Albertine. Usirudi tena."

Albertine akaziweka, na hapo akauona ule mukono. Kucha hazikuwepo. Vidole vilikuwa vimelika mpaka kwenye kiungo cha kwanza.