Chiriku na Kikombe cha Maziwa

Kila asubuhi wodi ya watoto iliamshwa na mdomo wa Chiriku. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwezi wa pili hospitalini kwa ugonjwa wa damu, na alimtania kila mtu, kuanzia daktari hadi mfagiaji. Lakini asubuhi moja alinyamaza kama aliyemwagiwa maji baridi.

Ilikuwa siku ya kupimwa uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Angepewa dawa ya usingizi, kisha daktari angeuvuta kidogo kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, ijulikane kama matibabu yanamsaidia. Sharti lilikuwa asile wala asinywe maziwa tangu usiku.

Bibi yake, aliyekuwa akimuuguza, hakuafiki kabisa. Sindano na tumbo tupu? Alfajiri alimpenyezea kikombe cha maziwa chini ya shuka. "Kunywa, mama. Iwe siri yetu."

Sasa muuguzi alisimama kando ya kitanda, kalamu mkononi. "Amekula au kunywa chochote?"

"Hajatia kitu mdomoni," bibi alijibu bila kupepesa macho.

Chiriku alimtazama bibi, kisha muuguzi. Akisema, atamwaibisha bibi mbele ya wodi nzima. Lakini madaktari walikuwa wanataka kumlaza kwa dawa, na hawakumkataza maziwa bure.

"Nimekunywa maziwa," alisema. "Kikombe kizima. Nisamehe, bibi."

Muuguzi alishusha pumzi. "Umejiokoa, mwanangu. Ukilala kwa dawa, maziwa yanaweza kupanda kooni na kuingia kwenye mapafu. Yangeweza kukuua."

Bibi aliketi. "Mimi na huruma zangu!" alisema huku akilia.

Kipimo kikasogezwa hadi alasiri. Chiriku alipozinduka, nyonga ilimuuma kama aliyejigonga kwenye kona ya meza, basi. Siku chache baadaye daktari alileta majibu: dawa zilikuwa zinafanya kazi. Bibi alipiga kigelegele, wodi nzima ikashtuka.

Kisha alimshika mjukuu wake mkono. "Nilikufundisha kuficha, wewe ukanifundisha kusema. Daktari anatibu kwa kile anachoambiwa. Tukimficha, unayeumia ni wewe. Kuanzia leo tunasema kila kitu."

"Kila kitu, bibi?"

"Kila kitu."

"Basi unakoroma mpaka madirisha yanatikisika."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.