Mpangaji wa Kaburi la Clifford

Kiti cha nyuma cha mashua kililowa. Mashua yenyewe imewekwa juu ya vyuma ndani ya ukumbi wa makumbusho, Dubai, AC inapuliza mpaka meno yanauma, na ziwa lililo nje limechimbwa kwa katapila. Sasa maji yametoka wapi?

"Clifford! Mop, yalla!" madam, bosi wa makumbusho, alifoka.

Clifford, mlinzi mwenye digrii ya historia, ile ya kufungulia watu mlango, akapiga deki. Maji yalinuka omena. Akaonja kidole. Si ya bahari. Ya ziwa la kwao.

Mashua aliijua. Kule kwao, mji mdogo kando ya Ziwa Victoria, ndiye aliyetembeza wageni ndani yake kila Jumamosi, akiwaonyesha gati la mkoloni na ngome ya mawe. Jumamosi aliyopanda ndege, ajenti wa kazi alimkataza kumwambia mtu. Siku hiyohiyo mashua ikapinduka. Arbab wake wa kwanza, yaani mwajiri, alimnyang'anya simu. Nyumbani wakadhani alikuwamo, wakatafuta maiti, wakakosa, wakafanya kama Wajaluo wafanyavyo: wakazika tunda la yago badala ya mwili, wakalililia kwa jina lake. Alipopiga simu hatimaye, mama alipiga vigelegele. Kaburi likaachwa vivyo hivyo. Kisha matajiri wa Dubai wakainunua mashua iwe ya maonyesho, ikamfuata.

"Yaani una kaburi?" Taib, mlinzi mwenzake kutoka Lamu, alinong'ona. "Kaburi tupu ni kama bed space ya International City, bwana. Halikosi mpangaji. Jini limeingia, limekuta jina, limelivaa."

"Wacha zako."

"Haya. Leo umesikia njaa?"

Clifford akafikiri. Hakuwa amesikia njaa. Wala baridi. Hata hofu, zii. Tangu mashua iletwe, mwili ulikuwa kama wa kuazima.

"Mwambie mama alitoe hilo tunda," Taib alisema. "Khalas, yaishe."

Usiku huo Clifford akampigia mama, akamwambia. Kesho yake mchana, mama akapiga.

"Mwanangu, tumefukua. Yago haipo. Jeneza limejaa mchanga. Mkavu, wa moto."

Akataka kuuliza, lakini nyayo za maji zililia nyuma yake, chap, chap, na harufu ya omena ikajaa ukumbini, na sauti yake mwenyewe, ile ya Jumamosi, ikaanza kuwasimulia wageni habari za gati na ngome, na Dorah, mwongozaji wa wageni, akacheka utani wake huku akimtazama mtu mwenye sura ya Clifford na yunifomu inayochuruzika maji.

"Dorah! Mimi hapa!"

Dorah akampita kama anayepita nguzo, akamgeukia yule aliyelowa. "Clifford, kiti kimelowa tena. Leta mop."

"Naleta, dada," kikajibu kile kitu.

Simuni, mama bado alikuwepo. "Mwanangu, wazee wanauliza, tufukie?"

Clifford akafungua mdomo aseme msifukie. Ukatoka mchanga.

"Amenyamaza," mama aliwaambia wazee. "Fukieni tu."

Akasikia koleo la kwanza, si simuni, bali juu ya kichwa chake.