Achia Mkono

Asubuhi Savsan alimimina chai ya maziwa na chumvi. Aliweka mabakuli manne mezani, akakumbuka, akarudisha mawili. Alifanya hivyo kila siku.

Wanawe, Imatsho na Navruz, walifukiwa na poromoko la theluji korongoni, kwenye njia ya shule. Asubuhi ile aliwaagiza, "Shikaneni mikono, msiachane." Walipatikana siku ya tatu. Walikuwa bado wameshikana.

Alibaki Zarbegim, binti wa miaka kumi na mitatu. Savsan alimkataza kwenda shule.

Siku moja alikuja jirani yake, Davlatmo, aliyesomea uokoaji baada ya msiba ule.

"Dada, mwache mtoto asome."

"Umekuja kunimalizia na huyu?"

"Sikiliza. Theluji nyingi ikianguka, hakuna kuvuka. Ikitulia, tunavuka mapema, kabla jua halijailainisha. Mmoja mmoja. Wengine wanasimama pembeni wakimtazama."

"Niwaachanishe watoto?"

"Wakishikana, poromoko linawabeba wote. Nani atabaki aonyeshe pa kuchimba?"

Savsan aliweka bakuli chini. "Kumbe niliwaua mimi."

"Hukujua, dada. Hata mimi wakati ule sikujua."

Majuto ni mjukuu, na Savsan alimpata mjukuu huyo kabla wanawe hawajaoa. Alilia mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata theluji ilitulia. Savsan aliwasindikiza Zarbegim na vijana wenzake wa shule, waliobeba fimbo ndefu na mabeleshi kama Davlatmo alivyowafundisha, hadi ukingoni mwa korongo. Zarbegim alinyoosha mkono. Mama yake hakuushika.

"Nenda. Nakutazama."

Binti alipofika katikati, kishindo kilisikika juu. Theluji ilishuka ikamfunika. Macho ya Savsan hayakubanduka.

"Pale! Chini ya jiwe jekundu!"

Kijana mmoja alibaki kuutazama mlima, awaonye theluji ikishuka tena. Wengine walikimbilia pale, wakachoma theluji kwa fimbo ndefu. Fimbo moja iligusa kitu laini. Wakachimba kwa mabeleshi. Robo saa haikuisha, uso wa Zarbegim ukaonekana. Ulikuwa umepauka, lakini alipumua.

"Mama, mlijuaje nilipo?"

"Nilikuwa nakutazama, mwanangu."

Siku hizi Savsan husimama ukingoni kila asubuhi, beleshi begani. Watoto wa kijiji huvuka mmoja mmoja, na wote hufika. Wa mwisho akishavuka, Savsan haondoki upesi. Huendelea kuitazama njia, kama vile wamebaki wawili.