Kionjamoyo cha Bwana Ndahani

Kionjamoyo kilining'inia darini kama buibui wa fedha, kikisikiliza mapigo ya moyo wa Bwana Ndahani Chibago alipokuwa akipita mbele ya picha zake. Picha iliyomshtua moyo ilibaki. Iliyoshindwa iliondolewa na mikono ya chuma kabla ya chai ya saa nne, ikapelekwa kwa mkusanyaji mwingine mwenye mtambo kama huo, na nyingine ikaletwa mahali pake.

Yunis Mgogolo, mhandisi aliyekiunda, aliitwa Dodoma kwa sababu mteja wake alilalamika kuwa hatulii. Alimkuta akizunguka sebuleni, hata kiti hakitaki.

"Babu yangu alikusanya vinyago vya mpingo," mzee alisema, "akavipenda hadi anaingia kaburini. Mama akaviona ushamba. Akavitupa stoo, akatundika picha za rangi kali, ndege na chui. Mimi nikazigawa zote, nikataka picha za mwanga. Lakini kuchoka kwetu kulichukua miaka, mwanangu. Sasa nachoka kabla chai haijapoa."

"Ndiyo kazi uliyonipa, mzee. Usikae na kitu usichokipenda."

"Basi niambie picha ya Foibe iko wapi."

Foibe alikuwa mkewe, aliyefariki miaka sita iliyopita. Aliwahi kuchora shamba lao la zabibu, kwa mkono usio hodari, na picha hiyo ikakaa ukutani, juu ya meza ya chakula, hadi siku ilipotoweka. Yunis alifungua kumbukumbu za mtambo, akasoma, akarudia kusoma.

"Kila uliposimama mbele yake, moyo wako ulitulia," alisema polepole. "Mtambo ukadhani umeichoka."

Mzee akakaa.

Picha ilikuwa imepita nyumba kumi na moja. Yunis akampigia simu aliyekuwa nayo mwisho, mama mmoja wa Kigoma.

"Ilikaa kwangu siku mbili," mama yule alisema. "Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuizoea. Imeondoka asubuhi hii."

Yunis alikata simu, akatembea hadi dirishani, akarudi. Nyumba elfu tisa zilikuwa na vionjamoyo, na katika zote hizo hapakuwa na picha iliyoruhusiwa kuzoeleka.

"Nikivizima vyote, kila picha itasimama ilipo, nasi tutaipata," alimwambia mzee. "Na hiki chako kitazimika."

"Zima," mzee alisema, machozi yakimlenga.

Yunis akaweka kidole kwenye kitufe. Papo hapo gari la picha likasimama nje, na mikono ya chuma ikaanza kufungua kasha jipya mlangoni. Mzee akageuza shingo. Kwenye kioo cha mtambo, Yunis aliona mapigo ya mzee yakipanda.

"Ngoja kidogo, mwanangu," mzee alisema, naye keshainuka. "Tuione kwanza hii."

Yunis akabonyeza. Mikono ya chuma ikaganda, kasha likiwa nusu wazi. Mzee akapiga magoti mlangoni, akaanza kung'oa kifuniko kwa vidole.