Binti Aliyepanda Paa la Shule

Kila asubuhi Truphosa alipita kando ya banda la kukamulia akienda shule. Baba yake, Wamalwa, alikuwa amechutama pale chini ya ng'ombe wa mzungu, ndoo katikati ya magoti. Truphosa alimwamkia, naye akaitikia bila kuinua macho. Kisha akasema maneno yake ya kila siku, "Haya, nenda." Truphosa akaenda.

Mwaka huo wa 1957, familia nyingi zilizotoka upande wa Bungoma zilikuwa zikifanya kazi katika mashamba ya walowezi karibu na Njoro. Wanaume walikamua, wanawake walichuma maua ya pareto. Shule ya shamba ilikuwa chumba kimoja cha udongo na nyasi, na mwalimu wake alikuwa mmoja tu, Mwalimu Joash. Mtoto alipoanza masomo, baba alimleta siku ya kwanza, akamwambia mwalimu, "Huyu sasa ni wako," akaondoka moja kwa moja. Akina baba hao hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba baba anayemfuata mtoto shuleni anamdharau mwalimu. Wamalwa alikuwa na msemo wake juu ya jambo hilo: ukishampa mtu ndama, humfuati kumuuliza kama ndama huyo amenyonya. Wenzake waliupenda sana msemo huo, maana uliwapumzisha wote.

Mvua za masika zilipoanza, upepo uling'oa nyasi za upande mzima wa paa la shule. Mvua ikawa inanyesha darasani kama inavyonyesha shambani. Mkaguzi wa elimu alikuja kutoka Nakuru, akainua uso, akaona mawingu mahali pa dari. Alisema atarudi Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na akikuta paa bado liko wazi ataifunga shule.

Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya msitu, na siku hizo za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, hakuna mzazi aliyethubutu kumwachia msichana njia ile. Truphosa alikuwa darasa la nne. Shule ikifungwa, masomo yake yangeishia hapo. Nyapara wa pareto alikuwa amekwisha kumletea mama yake kikapu cha pili, akasema ni cha binti kuchumia. Kikapu hicho kiliwekwa karibu na mlango, na Truphosa alikipita kila siku bila kukitazama.

Mwalimu Joash aliwaita akina baba. Walikuja akina mama. Aliita tena, wakaja akina mama walewale, wakiongozwa na Nasimiyu, mama yake Truphosa. Wanawake hao walikata nyasi kando ya Mto Njoro, wakazibeba kwa vichwa, wakakandika kuta upya. Kisha wakakaa chini, kwa sababu hawakuweza kufanya zaidi. Kwao mwanamke hapandi paa. Akipanda, ni kama ametangaza kwamba nyumba hiyo haina mwanamume, kwamba mwenyewe amekufa. Mwalimu alijaribu kupanda peke yake, lakini hakuwa mwezekaji. Aliteleza na kuanguka, na tangu siku hiyo mkono wake ukaning'inia katika kitambaa shingoni.

Nasimiyu alimsihi mumewe jioni baada ya jioni. Wamalwa alisema shule ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwalimu. Nasimiyu alipoendelea kusihi, Wamalwa alinyamaza kabisa, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko ukali.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Marundo ya nyasi yalikuwa yamelala nje ya shule, ya chini yakianza kuoza. Wanawake walikuwa wameketi wakiyatazama, na Mwalimu Joash alikuwa ndani akifunga vitabu vilivyolowa, kama mtu anayejiandaa kuhama. Truphosa alipomwona akifunga vitabu, alikata tamaa ya kuwangoja akina baba. Alilia kidogo nyuma ya ukuta, akajifuta machozi, akabeba mganda wa nyasi begani, akapanda ngazi.

"Truphosa, shuka," mama yake alisema kwa sauti ndogo. "Utatuletea mkosi."

"Jumatatu mkaguzi anakuja, Mama," alijibu. Aliufunga mganda wa kwanza upande upande, ukalegea.

Wakati huohuo Dalmas, mkamuaji mwenzake Wamalwa, alikuwa akipita na mkokoteni wa madebe ya maziwa. Aliona msichana juu ya paa, akaona ni wa nani, akauacha mkokoteni njiani. Alimkuta rafiki yake bandani.

"Wamalwa, ndugu yangu," alimwambia, "umekufa lini, mbona sikuitwa matangani? Binti yako yuko juu ya paa la shule, anaezeka."

Wamalwa hakuwahi kumwacha ng'ombe kabla hajamaliza kumkamua. Siku hiyo alimwacha. Alifika shuleni akihema, ndoo bado mkononi, na wanawake wakampisha.

"Shuka," alisema. "Nani amekuambia mimi nimekufa?"

Truphosa alishuka, akasimama mbele yake. Aliogopa, lakini alikuwa amechoka kuliko alivyoogopa.

"Hakuna aliyeniambia, Baba. Mwalimu aliita, hukuja. Mama aliomba, ulinyamaza. Nikaona nyumba hii haina baba hata mmoja."

Wamalwa aliweka ndoo chini, akaingia darasani kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipomleta binti yake. Maji yalikuwa yamesimama sakafuni. Mabenchi yalikuwa yamevimba. Katika pembe moja udongo wa ukuta ulikuwa umelainika na kung'aa kwa kuegemewa na migongo.

"Mnakaa wapi mvua ikinyesha?" aliuliza.

"Pembeni hapo, Baba. Wadogo wanatangulia. Sisi wakubwa tunasimama."

Wamalwa aliupapasa ukuta ule kwa kiganja, pale palipong'aa. Alipotoka nje alivua koti, akapanda ngazi, akaufungua mganda uliolegea na kuutupa chini. Akaomba mwingine, akaufunga kwa mikono yake mwenyewe, ili mkosi wa mwiko ule uondoke.

Habari haikungoja kutumwa. Dalmas aliipeleka pamoja na maziwa, na kila mke nyumbani alimuuliza mumewe kama anataka binti yake naye apande. Wanaume walikuja, wengine kwa haya, wengine wamenuna. Waliezeka mpaka giza, na Jumapili baada ya ibada wakarudi.

Jumatatu mkaguzi alifika mvua ikinyesha. Alisimama katikati ya darasa, akainua uso, na hakuna tone lililomwangukia. Akauliza wale wanaume waliojipanga mlangoni ni akina nani.

"Ni baba zao," Mwalimu Joash alijibu.

Mkaguzi alisema shule itaendelea. Jioni hiyo Nasimiyu alimrudishia nyapara kikapu chake.

Pale shuleni, kabla wanaume hawajatawanyika, Dalmas alimchokoza rafiki yake, akamuuliza ule msemo wa ndama sasa umekwenda wapi.

"Uko palepale," Wamalwa alisema, "ila niliuacha nusu. Hata ukimpa mtu ndama, mvua ikinyesha unapita kuona kama ana zizi. Mwalimu anafundisha mtoto, lakini hawezi kuwa baba yake. Kazi hiyo haina kibarua wa kukufanyia. Nimekaa miaka mitatu nikijidanganya."

Kesho yake asubuhi Truphosa alipita kando ya banda la kukamulia, akamwamkia baba yake, akangoja kuambiwa aende. Wamalwa aliacha kukamua, akainua macho.

"Leo mtasoma nini?" aliuliza.

Truphosa alisimama kumweleza. Siku hiyo alichelewa shuleni, na mwalimu alipouliza sababu, alisema alikuwa akizungumza na baba yake. Mwalimu Joash hakumwadhibu.